Bwana Theluji: Maisha ya Wilson Bentley

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Leo nawaletea habari za mtu aliyeshika moja tu, asiiachilie mpaka kufa. Huyu ni Wilson Bentley, mpiga picha wa Marekani.

Bentley alizaliwa mwaka wa 1865 huko Jericho, jimbo la Vermont. Sisi theluji tunaiona kwa mbali, kileleni mwa Mlima Kenya, lakini kwao huanguka mpaka mlangoni. Baba yake alikuwa mkulima. Mama aliyewahi kuwa mwalimu ndiye aliyemfunza nyumbani. Alipofika miaka 15, mama alimpa hadubini kuukuu. Kijana akaweka theluji chini yake, na lo! Kila chembe ilikuwa na pembe sita na nakshi zake. Alijaribu kuzichora, lakini wapi! Ziliyeyuka kabla hajamaliza.

Basi akaomba kamera. Ilikuwa ghali, na baba hakuona faida yake shambani, lakini mwishowe wazazi walimnunulia. Akaiunganisha na ile hadubini, akajaribu na kushindwa mara nyingi. Tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, alipata picha yake ya kwanza.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Alifanyia katika banda lisilo na moto. Alikinga theluji kwa ubao mweusi, akachagua chembe moja, akailaza juu ya kioo kwa unyoya. Hata pumzi aliizuia isije ikaiyeyusha.

Majirani walimcheka. Ati mtu mzima anapiga picha theluji! Yeye hakujali. Alikamua ng'ombe wake, kisha akarudi bandani. Picha aliwauzia walimu na wataalamu kwa senti chache, na fedha alizotumia zilizidi alizopata. Hata hivyo alipiga picha zaidi ya 5,000, wala hakuona chembe mbili zilizofanana. Mwaka wa 1931 kilitoka kitabu chenye picha zake zaidi ya 2,400. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, baada ya kutembea katika dhoruba ya theluji, aliugua nimonia akafariki.

Kwa nini nimemchagua? Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tunaochagua masomo. Mimi nimechukua jiografia kwa kuwa napenda kuchora ramani, na kila siku nyumbani naulizwa ramani zitanilisha nini. Sitaki kuwadanganya: Bentley hakutajirika. Lakini pia hakuacha shamba. Ng'ombe walimlisha, theluji ikamtambulisha. Majirani waliomcheka hatuwajui hata kwa majina, ila yeye tunamsoma mpaka leo.

Basi mwenzangu, fanya hesabu, fanya Kiingereza, usiache. Lakini tafuta na theluji yako.