Mtu Aliyekunywa Vijidudu vya Kipindupindu

Jina la Pasteur limevuma kote, lakini la Elie Metchnikoff halisikiki sana huku kwetu, na hali yeye ndiye aliyeonyesha namna mwili unavyopigana na maradhi. Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, katika Ukraine ya leo. Mke wake wa kwanza alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1873, naye kwa huzuni akataka kujiua kwa afyuni. Hakufa.

Mwaka 1882 alikuwa Messina, kisiwani Sicily. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama sarakasi, akabaki peke yake na darubini, akichungua watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonekana ndani kama kioo. Akawachoma miiba ya mwaridi. Usiku ule usingizi haukumjia. Kulipokucha akakuta chembe zimeizunguka miiba kama siafu juu ya panzi. Ndipo akatambua kuwa mwilini mna chembe walaji, zinazommeza adui. Na chembe nyeupe za damu yetu zafanya kazi hiyo hiyo. Wataalamu wa Ujerumani walimpinga miaka mingi. Hata hivyo mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Kipindupindu kilipoingia Ufaransa mwaka 1892, Metchnikoff, aliyekuwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alivinywa vijidudu vyake. Hakudhurika. Kijana mmoja aliyejitolea akanywa pia, akaugua nusura afe. (Leo jambo kama hilo halingeruhusiwa, na ni haki.) Mbona huyu na si yule? Akavipanda vijidudu hivyo pamoja na vyengine, akaona baadhi yavisaidia kukua na baadhi yavizuia. Akakisia kuwa siri imo utumboni.

Hakukosea. Ukuta wa utumbo umefunikwa na ute, na nyuma yake hukaa chembe walaji tele. Kingamwili humwagwa katika ute huo, zikavinasa vijidudu visishike ukuta. Na vijidudu vyema vinavyoishi humo huwanyima wageni nafasi na chakula.

Alipozidi kipimo ni kwenye mtindi: aliunywa kila siku, akiamini kuwa uzee hutokana na uozo wa utumbo mpana.

Alifariki Paris tarehe 15 Julai 1916, kwa maradhi ya moyo, umri wake miaka 71. Kabla ya kukata roho alimwomba daktari rafiki yake ampasue, na autazame utumbo wake vizuri.