MAISHA YA SIR ROWLAND HILL, MTU WA STEMPU

Kila mmoja wetu amepata kuona stempu juu ya barua, lakini ni wachache wamjuao mtu aliyeileta. Mtu huyo ni Sir Rowland Hill wa Uingereza. Nimependa kueleza maisha yake kwa sababu ya jambo lililotupata nyumbani kwetu muhula uliopita, nalo nitalitaja mwishoni.

Rowland Hill alizaliwa tarehe 3 Desemba 1795 katika mji wa Kidderminster. Baba yake, Thomas Wright Hill, alikuwa mwalimu, na nyumba yao haikuwa na mali. Siku zile desturi ilikuwa barua kulipiwa na mpokeaji, wala si mpelekaji. Kwa hiyo mama yake aliposikia tarishi wa posta anabisha hodi aliingiwa na hofu badala ya furaha, maana pengine hana fedha za kuikomboa barua. Siku moja mtoto Rowland alitumwa akauze mfuko wa matambara ili zipatikane shilingi 3 za kulipa posta. Jambo hilo hakulisahau.

Alipopata miaka 12 alianza kuwafundisha wenzake katika shule ya baba yake. Mwaka 1819 shule hiyo ilihamia Hazelwood, karibu na Birmingham. Huko fimbo haikutumika. Wanafunzi walikuwa na baraza lao la kuhukumu makosa, na mtambo wao wa kupiga chapa, ambao waliutumia kutoa gazeti lao wenyewe, kama hili letu. Mwaka 1827 alifungua shule nyingine Bruce Castle, katika Tottenham, naye akawa mkuu wake.

Baadaye aliacha ualimu, akaanza kuchunguza kazi ya posta. Aliona mambo ya ajabu. Barua ya karatasi moja kutoka London mpaka Edinburgh ilitozwa shilingi 1 na peni 1 na nusu, nayo ilikuwa fedha nyingi kwa kibarua. Tena bei ilikwenda kwa hesabu ya karatasi. Ukitia karatasi ya pili ndani, hata iwe kipande kidogo tu, bei ilikuwa maradufu; ukitia ya tatu, mara tatu. Makarani wa posta waliinua barua mbele ya mshumaa ili waone kama kuna kitu kilichofichwa ndani. Hata bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi, basi watu waliikunja barua yenyewe na kuifunga kwa lakiri. Maskini nao walibuni hila: waliandika alama juu ya barua, na mpokeaji alipokwisha kuitazama alama alijua habari, akairudisha barua bila kulipa.

Hill alipiga hesabu, akaona ya kuwa gharama ya kuichukua barua moja toka London mpaka Edinburgh ni sehemu 1 tu katika sehemu 36 za peni. Gharama kubwa haikuwa njiani, bali katika kuandika madeni ya kila barua na kusimama mlangoni kudai fedha. Mwaka 1837 alitoa kijitabu akaleta shauri lake: mpelekaji alipe kwanza; bei iwe moja kwa nchi nzima, karibu au mbali; na barua ipimwe kwa uzito, si kwa hesabu ya karatasi. Nusu ya wakia, yaani kama gramu 14, iwe peni 1. Hapo mtu angeweza kutia ndani ya barua yake hati ya pili au ya tatu bila adhabu.

Wakubwa wa posta walimpinga wakisema hiyo ni ndoto tu. Lakini wafanyabiashara na watu wa kawaida walimuunga mkono kwa maombi mengi, hata Bunge likapitisha sheria mwezi wa Agosti 1839. Peni moja ilianza tarehe 10 Januari 1840.

Mwezi wa Mei mwaka huo vitu viwili vilitolewa kwa malipo hayo. Cha kwanza kilikuwa bahasha iliyochorwa na msanii William Mulready, imejaa mapambo ya watu, simba, tembo na ngamia. Watu waliicheka mno, hata ikaondolewa. Cha pili kilikuwa kijikaratasi cheusi chenye gundi nyuma na kichwa cha Malkia Victoria mbele. Hicho kidogo kisicho na makuu ndicho kilichoshinda, nacho ndicho stempu ya kwanza duniani. Mwaka 1841 rangi yake iligeuzwa nyekundu, ili muhuri mweusi uonekane vizuri na stempu isitumiwe tena.

Mwaka 1839 barua zilikuwa kama milioni 76. Mwaka 1840 zilifika kama milioni 169. Hata hivyo mapato ya serikali yalipungua kwanza, na mwaka 1842 Hill aliondolewa kazini. Hakukata tamaa. Alifanya kazi katika kampuni ya reli ya London na Brighton, na mwaka 1846 alirudishwa posta. Mwaka 1854 akawa katibu mkuu wake, na mwaka 1860 alipewa cheo cha Sir. Alistaafu mwaka 1864. Alifariki tarehe 27 Agosti 1879, akazikwa Westminster Abbey.

Sasa nirudi kwetu. Muhula uliopita ripoti zetu zilipelekwa kwa wazazi kwa barua pepe kutoka katika tovuti ya shule. Barua ilipambwa kwa HTML, rangi na picha kubwa, na ripoti ikaambatishwa kama picha nzito nne. Tena faili likiambatishwa, kompyuta huligeuza kuwa herufi, likaongezeka kadiri ya theluthi. Mama yangu alinunua bando, likaisha kabla ripoti haijafunguka. Akakopa dukani anunue jingine, akilala usiku ule na wasiwasi kuwa huenda nimefukuzwa. Niliposikia hayo nilimkumbuka mama yake Rowland. Kumbe mpokeaji bado analipa!

Nilimweleza mwalimu wetu wa kompyuta, naye akaturuhusu wanachama wa chama cha kompyuta tumsaidie kuirekebisha barua. Sasa alama zote zimo katika maneno ya barua yenyewe, kuna na nakala ya maandishi matupu kwa simu ndogo, na ripoti ni faili moja jepesi la PDF. Muhula huu mama aliisoma siku ile ile, akanipigia simu kuniuliza juu ya alama zangu za Hesabu. Hapo nilitamani kidogo ile barua ya zamani!

Twaona basi kwamba Sir Rowland Hill hakuvumbua barua, bali aliuliza swali moja: mzigo huu anaubeba nani? Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tupelekao tukumbuke hivyo kabla ya kubonyeza kitufe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne