Katharina von Bora: Mama Aliyeshika Mfuko wa Nyumba

Katika kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, tumeona vema tusijisifu wenyewe tu. Tumkumbuke na mama mmoja wa zamani ambaye, angekuwa hai, tungempa uweka hazina bila hata kupiga kura. Huyo ni Katharina von Bora, mke wa Martin Luther.

Katharina alizaliwa Ujerumani mwaka 1499. Akiwa bado mtoto alipelekwa kulelewa na watawa, naye akawa mtawa. Mwaka 1523, siku za Pasaka, yeye na wenzake kadhaa walitoroka kwa gari la farasi la mfanyabiashara aliyekuwa akiuza samaki. Walifika mji wa Wittenberg mikono mitupu. Tarehe 13 Juni 1525 akaolewa na Luther, yeye ana miaka 26, bwana ana 41.

Sasa jamani, tusidhani aliingia kwenye neema. Luther alikuwa mhubiri na mwalimu wa chuo kikuu, jina lake linajulikana kila mahali, lakini mfukoni hamna kitu. Wachapaji walipata faida kwa maandishi yake, yeye hakudai malipo. Wanafunzi nao hakuwatoza ada. Mwenye shida akibisha hodi, alikuwa tayari kumpa hata kikombe cha fedha alichozawadiwa. Inasimuliwa kwamba safari moja aliahidi kumtunza rafiki yake chombo cha namna hiyo, kumbe mama alikwisha kukificha!

Nyumba waliyopewa ilikuwa ya watawa wanaume hapo awali, kubwa na chakavu. Mwingine angekaa kulia. Katharina aliigeuza mradi. Vyumba akawapangisha wanafunzi na kuwapikia kwa malipo. Akalima bustani, akafuga ng'ombe, nguruwe na kuku, akawa na bwawa la samaki. Hata bia alitengeneza, maana kwao siku zile ndiyo iliyokuwa kinywaji cha mezani. Mwaka 1540 wakapata shamba la Zulsdorf, lililokuwa la ukoo wake, akalisimamia mwenyewe. Humo ndimo walimolelewa watoto wao 6, ambao wawili walifariki wadogo, pamoja na yatima wa ndugu na wageni wengi.

Hawakuwa matajiri, lakini meza haikukosa kitu. Tunavyoona sisi, kuridhika kwao hakukutokana na maombi peke yake. Baba alikuwa na moyo wa kutoa, mama alikuwa na hesabu. Mngemwondoa mmoja, nyumba ingeyumba.

Na kweli iliyumba. Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Miaka minne kabla alikuwa ameandika wosia kwamba mali ni ya mkewe, na watoto wabaki chini ya mama yao. Lakini hakufuata taratibu za wanasheria, na sheria ya Saksonia ilitaka mjane na watoto wawekewe wasimamizi wanaume. Mama aliyeendesha kila kitu kwa miaka 20 akalazimika kubishana na wakubwa ili abaki na nyumba yake na wanawe. Mwaka huo huo vita ikaja. Akakimbia, na aliporudi akakuta mashamba yameharibiwa. Akakopa, akapokea wapangaji upya. Mwaka 1552 tauni ikamkimbiza tena. Akiwa njiani kwenda Torgau alianguka kutoka kwenye gari, akaumia vibaya, akafariki huko tarehe 20 Desemba akiwa na miaka 53.

Akina mama wenzetu, kubana matumizi tumejifunza, na miaka 10 hii ni ushahidi. Lakini hebu tujiulize: nani kati yetu ameandikisha mrithi wa hisa zake mbele ya mashahidi? Nani amekaa na mzee wake wakaandika wosia unaokubalika kisheria, ukiwa na jina lake? Tunaona haya, tunadhani ni kumtakia mtu kifo. Sivyo. Katharina alihesabu kuku na samaki wote, bado karatasi moja ikamtesa.

Basi kila mmoja aje mkutano ujao na jina la mrithi wake. Katibu atakuwa na kalamu.