David Wilkie Wynfield, mchoraji aliyebaki kwenye foto

Mwezi wa Aprili 1858, mitumbwi toka Ujiji ilifikisha Uvira Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliotaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani ao unaingia. Wenyeji waliwaambia unaingia. Sura ya Burton, pamoja na kovu la mkuki shavuni, ilichorwa London miaka ya 1870 na Frederic Leighton. Leighton huyo, miaka kumi hivi mbele, alikuwa ameketi kwenye kamera ya mchoraji mwenzake ambaye leo wachache wanamtaja: David Wilkie Wynfield.

Wynfield alizaliwa India mwaka 1837, katika jamaa ya David Wilkie, mchoraji maarufu wa Scotland. Toka 1859 picha zake za rangi zilionyeshwa Royal Academy. Alipenda historia: Oliver Cromwell usiku wa kabla ya kufa, ama maiti ya Duke of Buckingham. Kazi safi, lakini hazikumpa ukubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 akashika kamera. Wakati ule kioo kilipakwa dawa, kikatumiwa kikiwa kingali kibichi, na mtu alikaa bila kutikisika. Wapiga picha wa biashara walitoa kadi ndogo: mtu mzima toka kichwa mpaka miguu, kila kitu wazi, pazia nyuma. Wynfield alisogelea uso peke yake, akaulainisha hata mikunjo midogo ikapotea. Rafiki zake wachoraji aliwavika nguo za karne za zamani, wafanane na watu waliochorwa na Titian na Van Dyck. Mteja wa studio ya leo angedai arudishiwe pesa.

Mwaka 1864 alitoa mkusanyo wa foto hizo, lakini hakutia jina lake; alijiita tu mtu anayepiga picha kwa kupenda. Wakati huohuo mama mmoja wa miaka 48, Julia Margaret Cameron, naye mzaliwa wa India, alikuwa anajifunza kamera. Alipata kwa Wynfield somo moja tu. Baadaye alikiri kwamba mafanikio yake yote yalitokana na foto za bwana huyo. Dunia ilishika jina la mwanafunzi.

Wynfield aliendelea kuchora, mpaka kifua kikuu kikamuua mwaka 1887. Royal Academy haikumpokea kuwa memba. Leighton ndiye alikuwa rais wake tangu 1878. Leo foto za Wynfield zinatunzwa humohumo.