Al-Biruni: Mwezi Mmoja, Miji Miwili

Kila Ramadhani inapokaribia, sisi wanafunzi hubishana kuhusu mwezi mwandamo, ule mwembamba wa jioni ya kwanza. Leo nataka kuwasimulia mtu aliyeutazama mwezi wa usiku mwingine, usiku wa mwezi mpevu, akapata kwao jambo linalotuhusu kila tunaposimama kuswali.

Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 katika mji wa Kath, Khwarazm, nchi ambayo sehemu yake leo imo Uzbekistan. Alipokuwa na miaka 17 hivi, umri wa wengi wetu tulipokuwa sekondari, alikwisha kupima latitudo ya mji wake kwa kimo cha jua. Mwaka 995 vikazuka vita vya kugombea utawala. Waliokuwa wakimlea wakapinduliwa, naye akakimbia. Alifika Rayy, karibu na Tehran ya leo, akiwa hana kitu. Huko alijadiliana na mtaalamu mmoja wa nyota, na yule bwana akayapuuza maneno yake kwa sababu ya umaskini wake. Baadaye al-Biruni alipopata nafuu ya maisha, bwana huyo huyo akawa rafiki. Ndugu zangu mliovuka Petite Barrière kutoka Goma na begi moja, mkaanza masomo upya hapa Gisenyi, nadhani kisa hiki mnakielewa kuliko mimi.

Hakuacha kusoma. Mwaka 997 alikuwa amerudi Kath, kijana wa miaka 23. Alikuwa amekubaliana na Abu al-Wafa al-Buzjani, bingwa wa hesabu aliyekuwa Baghdad na aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 30, kwamba wautazame mwezi usiku mmoja, kila mtu mjini kwake. Usiku wenyewe ulikuwa wa tarehe 24 Mei, na mwezi ulikuwa unapatwa.

Kwa nini usiku huo? Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, dunia inapokuwa katikati ya jua na mwezi. Lakini si kila mwezi mpevu hupatwa, kwa kuwa njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya jua angani. Mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli cha dunia. Ukiwa mpevu na wakati huo huo uko karibu na pale njia hizo mbili zinapokutana, ndipo huingia kivulini. Na ukiingia, umeingia kwa wote wanaouona. Aliye Kath na aliye Baghdad hushuhudia jambo moja kwa wakati mmoja, ingawa saa za miji yao, zikihesabiwa kwa jua, hazilingani.

Kila mmoja aliandika saa ya mji wake. Walipolinganisha, tofauti ilikuwa kama saa moja. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa. Basi wakajua Kath iko mashariki ya Baghdad kwa nyuzi zinazokaribia hizo. Vipimo vya leo vinatoa nyuzi 16 na kidogo. Kazi hii ilitaka amana kuliko vyombo. Kama mmoja wao angesinzia kisha akakisia, hesabu ya mwenzake pia ingeharibika. Abu al-Wafa alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akamchukua al-Biruni karibu kama mateka. Mwaka 1018, akiwa kijijini upande wa Kabul bila vyombo vyake, alichora tao lenye vipimo nyuma ya ubao wa kuhesabia, akafunga timazi, akaendelea kupima. Mwaka 1025 alimaliza kitabu kiitwacho Tahdid, kuhusu namna ya kujua mahali miji ilipo. Lengo moja kubwa lilikuwa kupata kibla cha Ghazna kwa hesabu, maana ukijua latitudo za mji wako na Makka, na tofauti ya longitudo zao, mwelekeo hupatikana.

Hebu tuifanye hesabu hiyo hapa kwetu. Gisenyi na Makka zimeachana nyuzi 10 na nusu hivi za longitudo, sawa na dakika 42 za jua. Mwezi ulipopatwa tarehe 7 Septemba 2025, kilele kilikuwa saa 2:11 usiku kwa saa za Rwanda na saa 3:11 kwa saa za Makka. Saa za serikali hutofautiana kwa saa nzima, jua kwa dakika 42, lakini kilele kilikuwa kimoja. Kibla chetu kinatoka kuwa kaskazini, kikielemea mashariki kwa nyuzi 23 na nusu hivi. Ukisimama ufukweni mwa Kivu ukageukia milima, elekea kati ya Nyiragongo na Karisimbi.

Al-Biruni alifariki Ghazna karibu na mwaka 1048, akiwa ameandika kazi zaidi ya 100. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nimejifunza kwake adabu moja ya kuzungumzia mwezi: kabla ya kupandishiana sauti, tuulizane nani ametazama, alikuwa wapi, na ilikuwa saa ngapi. Kisha tumwamini mwenzetu mkweli aliye mji mwingine, hata kama ni kijana, hata kama ni mkimbizi, kama mzee wa Baghdad alivyomwamini kijana wa Kath.