Maisha ya Daktari Robert Smith, Mganga Aliyekuwa Mlevi

Daktari Robert Smith alizaliwa tarehe 8 Agosti 1879 katika mji mdogo wa St. Johnsbury, jimbo la Vermont, Marekani. Baba yake alikuwa hakimu, na wazazi wake wote wawili walikuwa watu wa kanisa. Mtoto alipelekwa ibadani mara nyingi kila juma, hata akachoka, akaazimu moyoni kwamba akiwa mtu mzima hataingia tena kanisani. Azimio hilo alilishika miaka mingi.

Alipokuwa katika chuo cha Dartmouth alianza kunywa. Baadaye akajifunza uganga, na ulevi ulikaribia kumnyang'anya masomo yake; akahama chuo kimoja akaenda kingine, akaupata udaktari mwaka 1910, akakaa Akron katika jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya mipira ya magari. Mwaka 1915 alimwoa Anne Ripley, bibi mwenye subira, aliyekuwa amemngoja miaka 17.

Kazi yake ilikuwa kupasua wagonjwa. Alikuwa na hofu mbili: kukosa usingizi, na kukosa pombe. Mchana alijizuia, maana asipofanya kazi hana fedha za kunywea, jioni akalewa. Asubuhi akameza dawa ili mikono isitetemeke. Chupa alizificha katika makaa ya mawe, juu ya miimo ya milango, hata ndani ya soksi. Mwaka 1920 pombe ilipopigwa marufuku Marekani, alidhani ya kuwa ameokoka. Lakini waganga waliruhusiwa kuitoa kama dawa, na wauzaji wa magendo hawakukosekana. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1933, hali yake ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Mwaka huo huo Kundi la Oxford lilifika Akron. Mwanzilishi wake, Frank Buchman, alibarikiwa kuwa mchungaji wa Kilutheri huko Pennsylvania. Watu hao walikutana nyumbani, wakaomba, wakaungamiana makosa. Smith akaenda pamoja na mkewe muda wa miaka miwili na nusu, akasoma Biblia kwa bidii, hata usiku mmoja akakiri ulevi wake mbele yao, nao wakapiga magoti kumwombea. Wala hakuacha kunywa. Walimu wetu na wafikiri habari hii, maana tumezoea kusema kwamba mlevi hapendi mambo ya Mungu. Huyu aliyapenda, akahudhuria, akaomba, na jioni akalewa.

Ndipo akaja Bill Wilson wa New York, mfanya biashara ya hisa, aliyekuwa ameacha pombe tangu Desemba 1934. Mwezi wa Mei 1935 shughuli yake huko Akron iliharibika, akabaki peke yake hotelini, na baa ilikuwa karibu. Akaogopa. Alikuwa ameona ya kuwa kila aliposema na mlevi mwenzake, hata yule asipopona, yeye mwenyewe hakunywa. Basi akatazama ubao wenye majina ya makanisa, akampigia simu mchungaji mmoja, akamwuliza ni wapi atakapompata mlevi wa kuzungumza naye. Ni wachungaji wangapi wameulizwa neno kama hilo? Lakini huyu hakumcheka, akampa majina ya watu, na kwa njia yao akampata Bibi Henrietta Seiberling, aliyemjua Smith.

Tarehe 12 Mei walikutana. Smith alikubali kukaa robo saa tu. Wakaachana baada ya saa sita na zaidi. Wilson hakumhubiri. Alisimulia maisha yake mwenyewe, naye Smith akatambua kwamba mtu huyu ayajua haya kwa kuyapitia, tena amekuja kwa kuwa yeye pia ahitaji msaada. Mwezi uliofuata Smith alianguka mara moja; lakini tangu tarehe 10 Juni 1935 hakunywa tena. Siku hiyo alipasua mgonjwa, kisha akazunguka mjini kuwaendea wadai wake na watu aliowakosea, akarudi usiku.

Msomaji wa Mpanda, Inyonga au Karema atasema kwamba kwake hakuna mkutano wa namna hiyo. Akron pia haukuwapo. Walevi wawili ndio waliokuwa mkutano. Kiingilio hakuna, wala sharti ila kutaka kuacha pombe. Lililo gumu katika mji mdogo ni kutunza siri, kwa sababu kila mtu amjua anayetoka kilabuni akiyumba. Kwa hiyo chama chao kikaitwa cha Walevi Wasiotajwa Majina, na yasemwayo ndani hayachukuliwi nje. Jambo jingine: aliyekunywa sana kwa muda mrefu asiache ghafula bila mganga, maana aweza kushikwa na kifafa. Smith alijua, akawalaza wagonjwa hospitalini kwanza.

Tangu mwaka 1939, pamoja na Sista Ignatia wa hospitali ya Mtakatifu Thomas, aliwauguza walevi wapatao 5,000 bila malipo. Aliwapa kusoma Waraka wa Yakobo, ule ambao Luther hakuupenda sana. Anne alikufa mwaka 1949, na Smith akamfuata tarehe 16 Novemba 1950, kwa ugonjwa wa saratani. Alizikwa Akron, na jiwe la kaburi lake halina neno lo lote juu ya chama chake.