ROBERT-HOUDIN, FUNDI WA SAA ALIYEFUNDISHA MIKONO YAKE

Safari hii tunawaletea maisha ya Mfaransa mmoja aliyekufa zamani, Jean Eugène Robert-Houdin. Wengi wanamwita baba wa kiinimacho cha siku hizi, yaani ile michezo ya kudanganya macho: jiwe dogo liliwekwa chini ya kikombe hiki, unalikuta chini ya kile, pesa ilikuwa mkono wa kuume, inaonekana mkono wa kushoto. Mtu akiona mambo hayo hapa Nyakabere, au kule sokoni Uvira, mara moja atasema: huyu ana dawa. Basi someni, ndipo mtajua kama ni dawa au ni kitu kingine.

Alizaliwa katika mji wa Blois, kando ya mto Loire, mwezi wa 12 mwaka 1805. Baba yake, Prosper Robert, alikuwa fundi wa saa. Lakini kama wazazi wengi, baba hakupenda mtoto arudie kazi ile ile ya mikono. Alimpeleka kusoma Orléans akiwa na miaka 11, na kisha akamtia katika ofisi ya noteri, aandike makaratasi ya sheria. Kijana aliandika, lakini moyo wake ulibaki kwenye vyuma na magurudumu madogo ya saa. Mwishowe baba alikubali, naye akaenda kujifunza ufundi wa saa kwa binamu yake.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea, kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Siku moja alikwenda dukani kununua vitabu viwili vya ufundi wa saa. Mwenye duka alikosea, akamfungia vitabu vingine. Kijana alipofika nyumbani na kufungua, kumbe vilikuwa vitabu vya michezo ya elimu na ya kiinimacho! Hakuvirudisha. Alivisoma usiku mpaka taa ikazimika.

Lakini kusoma ni jambo moja, na kufanya ni jambo lingine. Kitabu kilimwambia siri, ila vidole havikutii. Basi alimtafuta mtu mmoja wa Blois, jina lake Maous, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu miguu ya watu, naye alijua kurusha vipira. Alimlipa franka 10 ili amfundishe. Baada ya mwezi mmoja aliweza kurusha vipira vinne hewani, na wakati huo huo akisoma kitabu kilichofunguliwa mbele yake! Tena hakupoteza nafasi. Akitembea njiani, mikono iko mfukoni inageuza pesa na karata. Akikaa mezani, mkono mmoja unakula supu na mwingine unajifunza.

Pengine mtauliza: kwa nini taabu yote hiyo, kama siri imekwisha kuandikwa? Angalieni mchezo wa vikombe, ambao ni wa zamani sana. Kuna vikombe vitatu na vipira vidogo vya koki. Wafaransa wanaviita kwa jina la kungumanga, juu ya umbo lake. Watazamaji wanahesabu vipira vitatu. Fundi anacho cha nne, amekibana katika kiganja. Anaposema sasa vinahama, kumbe vimekwisha kuhama zamani, wakati watu walipokuwa wanatazama mkono mwingine. Siri yenyewe ni hiyo tu, hata mtoto anaweza kuielewa. Lakini mkono wenye kitu ni lazima ukae sawasawa na mkono mtupu: usikakamae, usijifiche, na macho ya fundi yasiende huko. Jambo hilo halipatikani kwa dakika tano. Linataka miezi, hata miaka.

Mwaka 1830 alioa binti wa fundi wa saa wa Paris, Cécile Houdin, akaunganisha majina mawili, ndiyo maana akaitwa Robert-Houdin. Maisha hayakuwa rahisi. Mke huyo alikufa mwaka 1843, akamwachia watoto. Hata hivyo hakuacha kazi. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1844 alileta sanamu ya mashine iliyoweza kuandika na kuchora, akapewa medali ya fedha. Tarehe 3 mwezi wa 7 mwaka 1845 alifungua ukumbi wake mdogo pale Palais-Royal. Wakati ule wengi wa kazi hiyo walivaa kanzu ndefu na kofia za wachawi. Yeye alitokea na nguo za jioni kama wageni wake, ili watu wajue kwamba wanaona ufundi.

Sasa tufike Afrika. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria, nchi ambayo majeshi yao yalianza kuiteka mwaka 1830. Huko viongozi wa dini walioitwa marabu waliheshimiwa juu ya miujiza yao, na serikali iliogopa kwamba wataamsha watu wapigane. Robert-Houdin alitakiwa aonyeshe miujiza mikubwa zaidi. Mbele ya wakubwa wa makabila, mjini Alger, aliweka sanduku dogo jukwaani. Alimwita mtu mwenye nguvu, akalinyanyua bila shida. Kisha akamwambia kwamba amemwondolea nguvu zake. Mtu yule akavuta, akavuta tena, sanduku halikusogea hata kidogo. Halafu mikono ikapigwa na umeme, akaanguka, akakimbia.

Ninyi mnaosoma fizika mmekwisha kufahamu. Sanduku lilikuwa na chuma chini, na jukwaani kulifichwa sumaku inayopata nguvu umeme ukipita, na kuipoteza umeme ukikatwa. Robert-Houdin aliandika kwamba baadaye wakalimani waliwaeleza wakubwa wale kwamba hayo yote yalikuwa ufundi, hayakuwa uchawi. Vizuri. Lakini tusisahau kwamba hofu ilitangulia na maelezo yakafuata, na kwamba mwaka uliofuata, 1857, majeshi yaliingia milima ya Kabylia na kuishinda. Tena habari ya siku ile tunaipata hasa kwa kalamu yake; yule aliyekimbia hakutuachia kitabu.

Mwaka 1868 alitoa kitabu kingine, na humo alieleza siri za kazi yake, pamoja na mchezo wa vikombe, hatua kwa hatua, ili kila mtu ajifunze. Mwaka 1870 mwanawe, aliyekuwa kapiteni, aliumizwa katika vita vya Ufaransa na Prusia, akafa. Baba naye alikufa tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka 1871, akiwa na miaka 65.

Wenzetu, tumeona mtu mmoja mwenye elimu ile ile akiitumia namna mbili. Alger ilitumika kuwatisha watu wasioijua. Katika kitabu iligawiwa bure kwa anayetaka kusoma. Hata kwetu jambo hili lipo. Ukikutana na mtu mwenye vikombe vitatu au karata tatu anayekualika uweke pesa, ujue kwamba kitu unachokitafuta hakiko pale unapotazama. Pesa ya masomo ibaki mfukoni. Na tukiona jambo tusilolielewa, tusikimbilie kumtaja bibi kizee wa jirani kuwa mchawi. Katika jimbo letu wazee wamefukuzwa, hata wameuawa, kwa maneno ya namna hiyo. Kwanza tuulize: mkono mwingine ulikuwa wapi?

Anayetaka kujaribu achukue visoda viwili na kijiwe, ajifunze taratibu kila jioni baada ya masomo. Akiisha kuweza, awaonyeshe wadogo zake wafurahi, halafu awaonyeshe na kiganja.